Shangazi, kweli bibi atatoka humu? Kuamini ufufuo bila kuzima akili

Mama yangu tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba letu la ukoo, Marangu, Kilimanjaro, chini kidogo ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Masika yalikuwa yameanza, toroli la zege likawa linanasa kwenye tope, na mchungaji alikuwa anamalizia yale maneno tunayoyajua wote, udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, mavumbi kwa mavumbi, katika tumaini la ufufuo. Mtoto wa kaka yangu, yuko chuo mwaka wa tatu, alikuwa kanishikia mwavuli. Akainama akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Shangazi, hivi mnaamini kweli bibi atatoka humu?" Hakuwa na dharau hata kidogo, macho yalikuwa mekundu, alimpenda sana bibi yake. Alikuwa anaangalia zege linavyomwagwa juu ya nondo akauliza kitu ambacho nadhani nusu ya waliosimama pale walikuwa nacho moyoni, sema sisi wakubwa tumezoea kukimeza.

Sikumjibu pale. Baada ya matanga ndo tulikaa kibarazani, jioni mbili, na haya ninayoandika ni yale tuliyoongea pamoja na mengine niliyoyakumbuka baadaye, maana ukiwa kwenye msiba kichwa hakikai sawa.

Mimi sio mchungaji na theolojia sijaisomea popote. Ila nimekaa kwenye baraza la kata miaka minane, kesi zetu nyingi zilikuwa za mipaka ya vihamba, na kazi kubwa ya pale ilikuwa kusikiliza mashahidi na kuamua yupi anasema kweli. Ndo maana nikamwambia kijana, kabla hujauliza kama ufufuo unawezekana, jiulize kwanza ni kitu cha aina gani na kinajulikanaje, maana ukikosea hapo utabishana mpaka kesho.

Tuanze na neno lenyewe. Tukisema mtu kafufuka tunachanganya mambo. Kuna aliyezimia moyo ukasimama madaktari wakamrudisha, huyo aliokolewa tu. Kuna Lazaro, Biblia inasema alitoka kaburini siku ya nne, lakini alirudi kwenye mwili uleule wa kuugua na kuzeeka, naamini alikuja kufa na wakamzika mara ya pili. Halafu kuna marehemu kuonekana usiku, au kusikika, huku mwili wake uko palepale ardhini. Wanachodai Wakristo kuhusu Yesu ni tofauti na vyote hivyo. Wanadai alikufa kweli, akazikwa, mwili uliozikwa haukubaki kaburini, na sasa yuko hai kwa namna ambayo kifo hakimpati tena. Neno la Kigiriki kwenye Agano Jipya ni anastasis, yaani kusimama, na hata kiyama yetu tuliyoipata kwa Kiarabu inatoka kwenye mzizi wa kusimama. Aliyelazwa akasimama. Siku hizi utasikia wengine wanasema ufufuo ni lugha ya picha, kwamba mafundisho yake yanaendelea kuishi mioyoni mwetu. Hapana, Paulo aliufunga huo mlango mapema kabisa, aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka basi kuhubiri ni bure na imani ni bure. Yaani aliiweka imani yote mahali ambapo inaweza kuvunjika, na mimi namheshimu sana kwa hilo.

Sasa kinajulikanaje? Kijana akasema hakuna ushahidi wa kisayansi. Nikamwambia kweli hakuna, na wala hautakuwepo, sababu maabara inapima kitu kinachorudiwa, tukio lililotokea mara moja unalijua kwa alama lilizoacha na kwa watu waliokuwepo. Mpaka wa kihamba chetu na cha jirani umewekwa na babu ambaye hakuna kati yetu aliyemuona, hauna ramani wala hati, una mstari wa masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, na maneno ya wazee. Na tunaulima kwa amani. Hakuna mtu anatuambia tumezima akili. Kwa hiyo kutegemea mashahidi sio tatizo, tatizo linakuja kama mashahidi ni wabovu.

Na mashahidi wabovu nimewaona. Kuna kesi moja upande mmoja ulileta watatu, wote wakasema sentensi ileile kabisa, "mzee alipanda isale lile asubuhi mbele ya macho yangu," hata wakipumzika walipumzika sehemu moja kama kwaya iliyofanya mazoezi. Upande wa pili alikuja bibi mmoja na shemeji yake, na hao walipishana, bibi anasema ilikuwa asubuhi, shemeji anasema watu walishakula mchana, bibi anasema walikuwepo watu watatu, shemeji anawakumbuka wawili. Ila wote wawili, kila mmoja akiulizwa peke yake, walikumbuka kwamba mzee siku ile alikuwa amefungwa kitambaa mguuni kwa kidonda. Tuliwaamini hawa wa pili. Hakuna aliyewauliza habari ya kidonda, kilikuja chenyewe.

Ukisoma habari za kaburi kwenye Injili nne unakutana na hali hiyohiyo. Mathayo ana malaika mmoja, Marko anasema kijana aliyevaa vazi jeupe, Luka anasema watu wawili, Yohana malaika wawili. Majina ya wanawake hayalingani. Yohana anamtaja Maria Magdalene peke yake, halafu huyo Maria anakimbia kwa Petro na kumwambia "hatujui walikomweka", hatujui, kwa wingi, kama mtu aliyekuwa na wenzake. Kuna wanaosema hizi tofauti zinaua habari nzima. Mimi nasema zinaleta maswali ya kweli kwenye vitu vidogo, na sitaki kuyafunika, nakala za Marko za zamani zaidi kama zile mbili kubwa za karne ya 4 zinaishia sura ya 16 mstari wa 8, wanawake wanakimbia kwa hofu basi, mistari inayofuata iliongezwa baadaye. Lakini kiini kinakaa palepale kwa wote: alikufa msalabani wakati wa Pilato, akawekwa kaburini, wanawake wakawa wa kwanza kukuta kaburi halina mwili.

Hilo la wanawake lilimgusa kijana kuliko nilivyotegemea. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ileile, anaandika wazi kwamba ushahidi wa wanawake usipokelewe. Na Luka mwenyewe anakiri mitume waliposikia waliona ni upuuzi. Miaka zaidi ya 100 baadaye Celsus, mpinzani mkubwa wa Ukristo, alikuwa bado anakejeli kwamba shahidi wao ni mwanamke aliyechanganyikiwa. Sasa kama mtu anatunga stori ya kuwashawishi watu wa zama zile, kwa nini ajifunge kamba miguuni namna hiyo? Angemuweka Petro pale mlangoni, au Yosefu wa Arimathaya, mzee wa baraza mwenye heshima zake. Waliandika wanawake sababu walikuwa wanawake. Mimi nimekaa kwenye baraza ambako sheria inataka wanawake wasiopungua watatu, na bado nimeona shahidi mwanamke anavyokatwa maneno, kwa hiyo hii sehemu huwa naisoma taratibu.

Tena angalia kitu ambacho hakipo. Hakuna Injili hata moja kati ya zile nne inayoeleza wakati wenyewe wa kufufuka. Hakuna aliyeona. Karne ya 2 ndo likaja andiko linaloitwa Injili ya Petro, humo utakuta watu warefu mpaka mbinguni wanatoka kaburini na msalaba unawafuata nyuma unaongea. Hivyo ndo hadithi inavyokuwa ikipewa muda wa kunenepa.

Na muda ndo kitu ambacho watu wengi hawajui. Kijana alikuwa ameshika habari za mitandaoni kwamba haya mambo yaliandikwa mamia ya miaka baadaye. Hapana. Barua ya kwanza kwa Wakorintho tunaweza kuiwekea tarehe vizuri tu, sababu Matendo 18 inasema Paulo alikuwa Korintho wakati Galio ni liwali wa Akaya, na huko Delphi, Ugiriki, limepatikana jiwe lenye maandishi linalomtaja Galio na linatuweka kwenye miaka ya 51 na 52. Barua ikafuata muda mfupi baadaye, kati ya mwaka 53 na 55. Yesu alisulubiwa mwaka 30 au 33. Hapo kuna miaka ishirini na kidogo. Na kwenye sura ya 15 Paulo anasema anawakumbusha alichopokea yeye mwenyewe kutoka kwa wengine: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, ndiye Petro, kisha wale kumi na wawili, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa mara moja, ambao wengi wao bado wako hai, kisha Yakobo, kisha mitume wote, mwisho yeye. Aliipokea lini? Kwenye Wagalatia anasimulia kwamba miaka mitatu baada ya kuongoka alipanda Yerusalemu akakaa kwa Kefa siku 15, na akamuona Yakobo ndugu yake Bwana. Wasomi wengi, hata wasioamini ufufuo wenyewe, wanakubali kwamba hayo maneno ya sura ya 15 yalishakuwepo ndani ya miaka michache sana baada ya msalaba.

Nikamwambia kijana, fikiria hivi. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja hapa Moshi Septemba 1990. Ni miaka mingi kuliko ile iliyopita kati ya msalaba na barua ya Paulo. Sasa mimi leo niandike barua nisome makanisani kuanzia Rombo mpaka Siha, niseme siku ile mbele ya watu 500 kilitokea kitu cha ajabu, na wengi wao wapo, nendeni mkawaulize. Unafikiri nitafika wapi? Kabla sijafika Himo nitakuwa nimeshakutana na mama aliyekuwepo pale na kitenge chake cha siku ile bado anacho, ataniambia mwanangu mbona hicho hatukukiona. Paulo alikuwa anaandika kwa watu waliokuwa na meli na ndugu na biashara kati ya Korintho na Yerusalemu. Alikuwa anawaachia nafasi ya kwenda kuuliza.

Basi tuje kwenye maelezo mengine, maana shahidi anaweza kuwa mkweli na bado akawa amekosea.

La kwamba hakufa, alizimia, silipi muda mrefu. Yosefo anasimulia aliwaona watu watatu anaowafahamu wametundikwa misalabani, akamlilia Tito, jemadari wa Kirumi, wakashushwa na kupewa matibabu mazuri kabisa, na bado wawili wakafa mikononi mwa matabibu. Mtu aliyepigwa mijeledi, kasulubiwa, kachomwa mkuki, kalazwa kwenye pango bila dawa, hatatoka siku ya tatu akiwa anatembea kwa namna ya kuwafanya rafiki zake wasujudu, watamkimbizia tabibu. Na wanaosema waliosulubiwa hawakuzikwa kabisa, Yerusalemu mwaka 1968 yalipatikana mabaki ya mtu aitwaye Yehohanan, yamehifadhiwa vizuri kwenye kaburi la familia, na msumari bado umekwama kwenye mfupa wa kisigino. Kwa hiyo ilitokea.

La kwamba wanafunzi waliiba mwili lina umri mrefu, Mathayo mwenyewe analitaja na anasema lilikuwa linasambaa mpaka siku anaandika. Ni kweli habari tumeipata kwa Mkristo, lakini ona lilivyo, anayesema wameiba anakubali kwamba mwili haupo. Na huo wizi ungewapa nini? Hapa kijana akanibana sawasawa. Akasema shangazi, watu wanakufa kwa ajili ya uongo kila siku, Kanungu pale Uganda Machi 2000 watu waliteketea kanisani, Shakahola Kenya 2023 walifukua miili zaidi ya 400, wote walikuwa na imani kali. Ni kweli na inauma, na Mkristo yeyote anayesema "walikufa kwa ajili yake kwa hiyo ni kweli" bila kufikiria Shakahola hajafikiria vya kutosha. Kufa kwa ajili ya kitu kunaonyesha umeamini tu. Lakini wale wa Shakahola waliamini walichoambiwa na mtu. Petro na wenzake walikuwa wanasema tulimuona, tulikula naye. Kama waliiba mwili walijua ni uongo, na watu hawavumilii mijeledi na jela miaka na miaka kwa kitu wanachojua walikitengeneza wenyewe usiku. Kwa hiyo wizi unaanguka, inabaki kwamba walikuwa wakweli lakini walijidanganya macho.

Hilo ndo zito. Msomi mmoja Mjerumani, Gerd Lüdemann, ambaye hakuamini ufufuo kabisa, alikubali kwamba Petro na wanafunzi walipata matokeo ya kumuona Yesu baada ya kifo chake, ila akasema yalikuwa maono ya majonzi na hatia. Na maono ya namna hiyo yapo. Wiki ile ya msiba, usiku wa tatu, mimi nilimsikia mama akikohoa chumbani kwake. Kikohozi chake kabisa, kile cha kukata mara mbili halafu anavuta pumzi. Nilikuwa macho. Nilisimama nikaenda na tochi, nikafungua mlango, kitanda kimetandikwa, kanga yake iko palepale juu ya mto. Nikalia nikarudi kulala. Nilimwambia kijana hili na sijawahi kumwambia mtu mwingine. Lakini nikamuuliza, mimi niliposikia kile kikohozi nilikimbia nje kusema mama katoka kaburini? Sikuwaza hivyo hata sekunde moja. Kile kikohozi kiliniambia kwamba amekufa kweli na nimemkosa. Na watu wa karne ya kwanza walikuwa vilevile, Petro alipotoka gerezani akagonga mlango na binti akasema ni yeye, waliokuwa ndani walisema ni malaika wake. Walikuwa na maneno tayari kabisa ya kumuelezea mtu aliyekufa kisha akaonekana. Hawakuyatumia kwa Yesu. Walitumia neno la mwili kusimama, neno ambalo Mafarisayo walilitunza kwa ajili ya siku ya mwisho, watu wote kwa pamoja, Masadukayo walilikataa kabisa, na Wagiriki wa Athene walilicheka usoni kwa Paulo. Hakuna aliyekuwa anategemea mtu mmoja afufuke katikati huku dunia inaendelea kama kawaida. Maono peke yake hayafikishi watu hapo, yanahitaji kaburi lisilo na mwili, na kaburi peke yake halifikishi, linahitaji kuonana naye. Vyote viwili vikawepo, kwa watu tofauti, mahali tofauti, hata kwa Paulo ambaye hakuwa na majonzi yoyote kwa Yesu, alikuwa anawakamata watu wake.

Kijana akanikumbusha ile video ya Afrika Kusini Februari 2019, mtu anainuka kwenye jeneza mchungaji kamshika, ilizunguka kwenye magrupu yote ya Moshi, na wapo walioishangilia. Akasema si ndo hivyohivyo? Nikamwambia ipime. Siku chache tu kampuni za mazishi zikajitokeza kusema zimetumika bila kujua, na kanisa lenyewe likageuza maneno likasema jamaa alikuwa ameshakuwa hai kabla ya kuletwa pale. Ilipoguswa na maswali ikavunjika wiki ileile, tena ilivutia watu na sadaka. Ya Yerusalemu ilianza kuhubiriwa mji uleule alikosulubiwa, mbele ya waliomuua, wiki chache baadaye, ikawaletea wahubiri wake vipigo, na haikuvunjika. Naomba wakristo wenzangu tuwe wakali kwa video kama zile kuliko hata wasioamini, kila moja tunayoisambaza bila kuuliza inamfanya kijana kama huyu aone kaburi la Yesu nalo ni jeneza lile.

Sasa kuna pingamizi la kina zaidi, la mwanafalsafa David Hume wa Uskoti, 1748. Anasema uzoefu wa binadamu wote unaonyesha wafu hawafufuki, kwa hiyo siku zote ni rahisi zaidi shahidi awe amekosea kuliko muujiza uwe umetokea. Linaingia akilini haraka. Ila mwaka 1767 Richard Price, yuleyule aliyechapisha kazi ya Thomas Bayes ya hesabu za uwezekano, alionyesha penye kasoro. Chukua bahati nasibu, namba zilizoshinda zikisomwa redioni, uwezekano wa namba zile hasa kutoka ni mmoja kati ya mamilioni, na redio hukosea mara nyingi kuliko hivyo, lakini unaamini na uko sawa kuamini. Sababu hupimi tu tukio lilivyo gumu, unapima pia kama lisingetokea tungekuwa na ushahidi wa namna hii? Na zaidi, hakuna Mkristo anayesema wafu hufufuka wenyewe. Nenda mochwari yoyote, hawafufuki. Waliomzika Yesu walilijua hilo vizuri kuliko sisi, walikuwa wanaosha maiti kwa mikono yao. Madai ni kwamba Mungu alimfufua. Kwa hiyo ukiwa umeshahakikisha moyoni hakuna Mungu, ushahidi huu hautakutosha na sitakulaumu, utachagua maelezo mengine yoyote hata kama yanavuja. Lakini kama mlango wa Mungu uko wazi hata nusu, basi mashahidi hawa wanastahili kusikilizwa kama tunavyosikiliza mashahidi wengine, na ukiwasikiliza, maelezo mengine yote yanakuachia kipande mkononi.

Jirani yetu wa juu ni Mwislamu, alikuwa naye kibarazani jioni ya pili, akasikiliza kwa utulivu. Yeye anaamini kiyama kama mimi, anaamini Mungu anaweza kufufua, tunapopishana ni msalabani maana Kurani, sura ya 4 aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Nilimwambia naheshimu kwamba yeye anaanzia kwenye ufunuo. Kwa upande wa historia, Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa na Pontio Pilato wakati wa Tiberio, na wanahistoria wa leo wa kila aina wanakubali kusulubiwa kwake. Tukaachia hapo, akatuletea ndizi.

Shahidi wangu mimi nimemuweka mwisho. Ni Yakobo, mdogo wake Yesu. Yohana anasema ndugu zake hawakumwamini alipokuwa hai. Na wewe fikiria kwenye familia zetu, mdogo wako umekula naye sahani moja, anakujua ulivyolia ukipigwa, nini kitamfanya aje kukuita Bwana? Tena baada ya kukuona umeuawa kifo cha aibu, ambacho kwa Myahudi ni cha aliyelaaniwa? Paulo anasema alimtokea Yakobo, na Paulo alionana naye uso kwa uso. Mwaka 62, kati ya kufa kwa liwali Festo na kufika kwa Albino, kuhani mkuu Anano alimtoa apigwe mawe mpaka kufa, na anayetusimulia hili ni Yosefo, asiye Mkristo, anamuita ndugu yake Yesu aitwaye Kristo.

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Na kama Yakobo naye alikuwa na majonzi tu, kama wewe na kikohozi cha bibi?" Nikamwambia mimi nilifungua mlango nikaona kitanda kitupu nikarudi kulala. Yakobo alibaki Yerusalemu karibu miaka 30, umbali wa kutembea kwa mguu kutoka kaburi lilipo, kila siku angeweza kwenda kuangalia, na hakubadilisha neno mpaka mawe.

Akasema hilo anaenda nalo Dar akalifikirie. Jumapili nilimsindikiza apande gari, tukapita kwanza kule kwenye migomba. Zege lilikuwa limekauka, na kaka alishapanda isale upande wa kichwa.